Panya wa North Carolina, mbuzi wa Newala

Wengi wetu tulioondoka Mtwara na Lindi kwenda kufanya kazi ng'ambo, tunapolinganisha maisha ya huku na ya nyumbani, huanza na mshahara, umeme na barabara, na mazungumzo huishia hapo kwa sababu kila mtu ana jibu lake tayari. Mimi ni daktari wa mifugo niliyesoma Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na sasa ni mwanapatholojia, yaani mchunguzi wa magonjwa katika tishu, wa wanyama wa maabara katika jimbo la North Carolina, Marekani. Tofauti ninayokutana nayo kila siku kazini ni nyingine kabisa. Katika maabara ninayofanyia kazi mnyama wa utafiti hafi bila sababu ya kifo chake kutafutwa na kuandikwa, ilhali kwetu mbuzi wa kijiji kizima wanaweza kufa, wakaliwa au wakafukiwa, pasiwepo hata karatasi moja inayosema walikufa kwa nini.

Nieleze kwanza kazi yenyewe. Kabla watu hawajaanza kujaribiwa dawa mpya, au kemikali ya shambani haijasajiliwa, kwa kawaida hupimwa kwa wanyama, na wengi wao ni panya waliofugwa kwa ajili hiyo. Katika jaribio la kuchunguza kama kitu kinaleta saratani, kanuni za kimataifa zinataka angalau madume 50 na majike 50 katika kila kundi, na makundi ni manne: matatu yanayopewa viwango tofauti na moja lisilopewa kitu, na kwa panya wa jamii kubwa jaribio huchukua miaka miwili. Hao ni panya 400, na kila mmoja hupasuliwa na kutolewa tishu zipatazo 40. Tishu hizo hulowekwa katika formalini, dawa ya kuzuia zisioze, hugandishwa ndani ya nta, hukatwa vipande vya unene wa mikroni 4 au 5 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), hutiwa rangi, ndipo huletwa kwangu juu ya slaidi. Kuona ugonjwa si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kuamua umetoka wapi, kwa kuwa panya mzee, hata asipopewa chochote, huchakaa figo na kuota uvimbe kwenye tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, na mimi ndiye ninayepaswa kusema kipi kimeletwa na dawa na kipi kimeletwa na uzee. Nikimaliza, mwanapatholojia mwingine hupitia upya sehemu ya slaidi zangu, na tukitofautiana tunarudi pamoja kwenye hadubini.

Mjomba wangu aliyeko Newala, nilipomsimulia haya kwa simu, aliniuliza, "Sasa mpwa wangu, hao panya mkishawapasua nani anawala?" Kwa watu wa uwanda wa Makonde, ambako panya wa shambani ni kitoweo, hilo si swali la mzaha. Nilimjibu kwamba wote huteketezwa kwa moto, naye akasikitika kwa dhati. Huku masikitiko ni ya aina nyingine, na wapo majirani ambao sijawaambia ninafanya kazi gani, kwa sababu Wamarekani wengi wanapinga majaribio ya wanyama, na baadhi ya hoja zao ni za haki. Tangu Russell na Burch wa Uingereza walipoandika mwaka 1959 kwamba wanyama wabadilishwe kwa njia nyingine inapowezekana, idadi yao ipunguzwe na mateso yao yapunguzwe, fikra hiyo imeingia katika sheria na kamati za nchi nyingi, na mwishoni mwa 2022 sheria ya Marekani iliondoa sharti la kwamba dawa ni lazima ipimwe kwa wanyama kabla ya watu. Naunga mkono mabadiliko hayo, ijapokuwa yatanipunguzia kazi.

Turudi Newala. Mwaka 1952 na 1953 homa ya kuvunja viungo ilienea katika uwanda wa Makonde, na mtaalamu R. W. Ross akatenga kirusi chake, ambacho dunia nzima leo inakiita chikungunya, kwa kudunga seramu, yaani majimaji ya damu, ya wagonjwa katika panya wachanga wa maabara. Sampuli zilisafiri wakati huo, licha ya ubovu wa barabara za wakati huo. Mwaka 2010 sotoka ya mbuzi na kondoo iliingia Newala na Tandahimba, miaka miwili baada ya kuthibitishwa kaskazini mwa nchi. Mwaka 2022 homa ya mgunda, ugonjwa ambao watu huupata kutokana na mkojo wa wanyama, iliua watu watatu Ruangwa mkoani Lindi, na timu ya wataalamu ikatumwa, ikachukua vipimo, ikatoa jibu. Kwa hiyo tunapoamua kuuliza, tunajibiwa. Kinachonisumbua ni kwamba huwa tunauliza pale tu hofu inapokuwa kubwa.

Sikubaliani na wanaosema tatizo ni vifaa. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania ina kituo Mtwara mjini. Kipande cha ini au pafu chenye unene usiozidi sentimita 1, kikiwekwa katika kopo la formalini ambayo ujazo wake ni mara kumi ya tishu, hakihitaji barafu wala jokofu, na kopo likifungwa vizuri linaweza kusafiri kutoka Liwale au Nanyumbu hata kwa siku kadhaa bila kuharibika. Ni kweli kwamba formalini huua virusi, na vipimo vingine vinahitaji sampuli ya baridi. Na mzoga unaoshukiwa kuwa na kimeta usifunguliwe kabisa. Hata hivyo, kwa vifo vingi ambavyo leo havijulikani chanzo, kopo hilo lingetosha kuanzia.

Kikwazo ninachokiona mimi ni thamani. Panya ninayempasua hana faida nyingine kwa mwenye jaribio isipokuwa jibu analotoa. Mbuzi wa mjomba ni ada ya shule, na akianza kuhara na kutoa makamasi, busara ya mwenye mali humwambia amchinje kabla hajafa, kama kuku wa mdondo wanavyoishia chunguni. Huo si ujinga. Mfugaji atakubali kutoa kipande cha ini iwapo jibu litarudi mapema kiasi cha kumwokolea mbuzi waliobaki, na afisa mifugo wa kata ataendelea kutuma sampuli iwapo ile ya kwanza ilijibiwa. Afisa mmoja wa huko aliniambia kwamba aliwahi kutuma, akangoja mpaka msimu wa korosho ukapita, akaacha. Ningekuwa na sauti katika bajeti ya mifugo, fedha za mwanzo ningezipeleka kwa mtu mmoja pale kituoni ambaye kazi yake ni kupiga simu ya majibu ndani ya juma moja, hata kama jibu ni kwamba hakuna kilichoonekana, kisha ndipo tuzungumzie mashine.

Kila ninapokuja likizo huulizwa nitarudi lini moja kwa moja. Mshahara una uzito, sitaki kudanganya, kwa kuwa watu kadhaa wanasoma kwa fedha ninayotuma. Lakini swali langu la kwanza kwa anayeniuliza ni makopo mangapi yamefika Mtwara mwaka huu kutoka wilayani, na wangapi kati ya waliotuma wamepigiwa simu.