Gome la Muwati Liingie Kwenye Gundi

Ukiingia duka la samani Kisumu saa nane mchana, macho huanza kuwasha kabla hujauliza bei. Muuzaji atakwambia ni harufu ya kitu kipya. Ni fomaldehaidi hiyo, gesi inayotoka kwenye gundi ya yurea inayoshikanisha chipbodi na MDF, yaani mbao zinazotengenezwa kwa vipande na nyuzi za mti zilizogandamizwa. Tangu 2004, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO limeihesabu kati ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Viwanda vinaipenda gundi hiyo kwa kuwa ni ya bei nafuu na hukauka upesi. Lakini joto na unyevu huimeng'enya polepole, na gesi huzidi kutoka. Hebu fikiria hewa ya ziwa, chumba kimoja chenye dirisha dogo, na kabati linalofika darini.

Kinachoniudhi ni kwamba sehemu ya dawa inamea huku kwetu. Gome la mti wa muwati lina tanini nyingi, kemikali ya asili ya mimea, na tanini huinasa fomaldehaidi na kuishikilia isitoroke. Uasin Gishu ilikuwa na mashamba makubwa ya miti hiyo, na Eldoret ikakamua magome kwa ajili ya kusindika ngozi za wanyama. Afrika Kusini ilienda mbali zaidi: tangu miaka ya 1970 viwanda vyake vimetengeneza mbao kwa gundi ya tanini yenyewe. Sisi gome tunaliona kama kuni tu. Unga wa soya nao husaidia, maana protini yake hufanya kazi kama hiyo.

Si uchawi, lakini. Ukizidisha unga kwenye gundi, mbao hulegea na kufura zikipata maji, na hakuna mama atakayekubali kabati la jikoni linalobomoka eti kwa sababu ni la asili. Kipimo lazima kipatikane kiwandani, kwa majaribio. Wazungu wana daraja la E1, ambalo haliruhusu zaidi ya miligramu 0.124 kwa kila mita moja ya ujazo ya hewa. Muulize muuzaji kama mbao zake zina alama hiyo. Wengi watakukodolea macho, lakini maswali yakizidi, kiwanda kitasikia.

Kwa sasa, mwambie fundi azibe kingo zote kwa ukanda, hata za nyuma zinazoelekea ukutani. Huko ndiko mafundi wengi huziacha wazi, na kwenye mkato wa msumeno ndiko gesi hutoka kwa wingi.