Saa ya Kufuta Inaanza Kuhesabu Lini?

Juni 2023, SEC, tume inayosimamia masoko ya hisa Marekani, iliitoza JPMorgan Securities faini ya dola milioni 4. Mwaka 2019 wafanyakazi walikuwa wamefuta, bila kukusudia, barua pepe na jumbe zipatazo milioni 47 za miezi ya mwanzo ya 2018, ilhali sheria ilitaka zikae miaka 3. Walikuwa wakisafisha data ya zamani huku wakiamini kwamba kampuni inayowatunzia kumbukumbu ilikwisha kuweka kizuizi cha kufuta kila mahali. Kumbe kundi moja la anwani za barua pepe lilirukwa.

Huko Berlin kosa lilikuwa kinyume chake. Novemba 2019 ilitangazwa kwamba Deutsche Wohnen, kampuni ya nyumba za kupanga, imepigwa faini ya yuro milioni 14.5 kwa sababu hifadhi yake haikuwa na njia ya kufuta. Wakaguzi walikuta hati za mishahara na taarifa za benki za wapangaji mwaka 2017. Waliporudi 2019, hali haikuwa imerekebishwa. Faini hiyo ilibishaniwa mahakamani kwa miaka, hasa juu ya iwapo kampuni yenyewe inaweza kuadhibiwa.

Kwa hiyo anayesema "tusifute kitu, diski ni bei rahisi" hana pa kujificha, na anayesema "mashine ifute, sisi tulale" hana pia. Kenya mvutano huo umo ndani ya sheria zenyewe. Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 39, inakataza kukaa na taarifa za mtu kupita muda unaohitajika. Sheria ya kodi inataka nyaraka zikae miaka 5 tangu mwisho wa kipindi zinachohusu. Kesi ya mkataba nayo inaweza kufunguliwa hadi miaka 6. Hakuna karani wa masjala atakayepitisha faili milioni moja kwenye vipimo hivyo kwa mkono, na hapo hoja ya kutumia mashine, yaani programu inayotambua hati na kuifuta muda wake ukiisha, ina nguvu kweli.

Tatizo ni kwamba majaribio mengi ya mashine hizo, kabla hazijaanza kazi, hupima kitu kimoja tu: je, mashine imeitambua hati? Chukua mkataba wa ajira wa mtu aliyeajiriwa 2009 na bado yuko kazini. Sheria ya Ajira inamtaka mwajiri autunze miaka 5 baada ya ajira kukoma. Mashine inausoma na kuupa jina sahihi, "mkataba wa ajira", na ripoti ya majaribio inapendeza. Lakini ikihesabu kutoka tarehe ya kusainiwa, mkataba ulipaswa kufutwa 2014, na mwenyewe ameketi pale mezani anakunywa chai ya saa nne. Ikiwa karatasi ilipigwa skani 2021 ofisi ilipohama, kompyuta itakwambia faili limezaliwa 2021. Jina ni sahihi, saa ndiyo mbovu. (Na hapo bado hatujagusa mashine iliyofunzwa kwa Kiingereza, inayokutana na hati ya mshahara, hati ya nyumba na hati ya madai: neno moja, karatasi tatu tofauti.)

Wapinzani wa majaribio marefu wana hoja mbili nzito. Miezi ya kujaribu ni miezi ambayo data iliyopaswa kuondoka inaendelea kukaa. Pili, kujaribu kwa faili halisi ni kuwafungulia watu wa tehama mishahara ya wenzao. Wengine hutengeneza hati za uongo, ila hizo huwa safi mno: hazina mhuri uliofunika tarehe wala skani iliyopinda. Mimi ningegawa kazi. Faili halisi zisomwe na watu wa masjala, ambao tayari wana ruhusa. Hati za uongo zitumike kupima saa: ziwekewe muda wa siku moja badala ya miaka 5, halafu kesho yake tuone zipi zimeondoka.

Sampuli nayo hudanganya. Ukichukua kwa bahati nasibu faili 300 zilizotiwa alama ya kufutwa, usikute kosa hata moja, kwa hesabu za takwimu kiwango cha makosa bado kinaweza kufika karibu asilimia 1. Kwenye faili milioni moja, hizo ni 10,000. Ndiyo maana napenda mifumo ya kusimamia data kama Microsoft Purview, ambayo huruhusu kanuni ya kutia alama iendeshwe kwa majaribio kabla ya kuigusa hati yenyewe. Watu wachukue sampuli upande wa pili pia, kwenye faili ambazo mashine imesema zibaki. Huko ndiko ya Berlin yalikokuwa.

Na kizuizi cha kufuta kijaribiwe kwa kukivunja. Jumbe za uongo chache, moja kwenye kila kundi la anwani, na agizo la kuzifuta, zingetosha kuionyesha JPMorgan mlango ulioachwa wazi. Uchunguzi usiopungua 12 ulihitaji jumbe zilizofutwa, na hazikupatikana.