Mchango uanzie kitandani, usingoje turubai

Watu wa kusini tunatoa. Naanza na hilo kwa sababu kila ninapoeleza habari za Uingereza kuna ndugu ananijibu kwamba Wazungu wana moyo kutuzidi. Sikubali. Msiba ukitokea Newala au Mtama, jua halijazama turubai limeshafungwa, masufuria yameazimwa, daftari la michango liko wazi na mtu kaleta gunia la mchele bila kuombwa. Nami nikiwa huku Sheffield natuma changu kwa simu, jina langu linasomwa pamoja na ya waliohudhuria. Mtaani kwangu huku jirani anaweza kuzikwa usijue.

Ninachobishana nacho ni wakati. Sisi tunatoa mtu akishakata roho.

Mama yangu mdogo alikufa kwa saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayowapata wanawake wa Tanzania kuliko nyingine yoyote. Alifikishwa Dar es Salaam akiwa amechelewa, kama wanavyochelewa wengi wanaotoka mbali. Ugonjwa ulikuwa umeshasambaa, akarudi kijijini kuuguziwa nyumbani. Dawa ya maumivu aliyopewa ikaisha, nauli ya kufuata nyingine ikakosekana, akawa anameza panadoli za dukani. Binti yake aliacha palizi, akawa anamgeuza, anamfulia, analala naye chini. Watu walikuja kumjulia hali, hilo silikatai, mikononi wameshika sukari na machungwa. Alipofariki tukachanga mpaka pakachinjwa ng'ombe. Fedha iliyokusanywa siku zile za matanga ingetosha godoro zuri, sabuni, nepi za wakubwa na nauli ya kufuata dawa miezi mingi. Iliingia kwenye pilau. Nami ni mmoja wa waliochanga, na nina uchungu nalo hadi leo.

Sasa nieleze ninachokiona huku. Mwaka 1948, katika hospitali moja ya London, alikufa mkimbizi Myahudi kutoka Poland aitwaye David Tasma. Hakuwa na jamaa wa kumuuguza. Aliyekuwa akimtembelea ni Cicely Saunders, aliyekuwa ameanza kama muuguzi na baadaye akasomea udaktari. Walizungumza sana juu ya mahali ambapo mtu asiyepona angetulizwa maumivu na kusikilizwa. Tasma akamwachia pauni 500, akitaka awe dirisha katika nyumba hiyo. Nyumba yenyewe, St Christopher's, ilifunguliwa mwaka 1967, na dirisha lake lipo. Mhamiaji mwenzangu, asiye na mtu, ndiye aliyetoa mchango wa kwanza. Hapa Sheffield nyumba kama hiyo ilifunguliwa mwaka 1971.

Serikali ya Uingereza inagharimia karibu theluthi moja tu ya huduma za nyumba hizi kwa watu wazima. Fedha zinazobaki zinatoka kwa wananchi: mbio za hisani, wasia, na maduka ya nguo zilizokwishavaliwa ambako wazee waliostaafu wanauza bila malipo. Nguo zisizonunuliwa huuzwa kwa uzito kwa wafanyabiashara, na nyingi huishia kwenye mabelo ya mitumba Afrika. Huenda shati ulilochagua sokoni Mtwara limeshapitia duka la namna hiyo. Mgonjwa halipi kitu. Tena wengi hawalazwi, muuguzi huwafuata nyumbani na dawa zake.

Hapo ndipo ninapotaka ndugu zangu wasikie. Tukisema tiba shufaa, yaani kumtuliza maumivu na kumtunza mgonjwa asiyepona, watu wanawaza jengo na mfadhili. Mgonjwa wa kijijini Tandahimba anahitaji muuguzi aliyefundishwa, pikipiki yenye mafuta, na mofini ya maji, ambayo ni unga uliochanganywa na maji, dawa ya maumivu makali ya bei nafuu. Uganda walianza mwaka 1993 kwa njia hiyo, na mwaka 2004 wakawaruhusu kisheria wauguzi waliosomea kazi hii wamwandikie mgonjwa mofini wenyewe, bila kumngoja daktari. Mikono ya kumgeuza mgonjwa sisi tunayo. Huku mikono hiyo mara nyingi hulipwa kwa saa.

Fedha nayo ipo, hasa msimu wa korosho mnada ukishalipa. Sipendekezi makato mengine kwa kila kilo, maana mkulima amechoka kukatwa, na sadaka ya kukatwa haina utamu kwa mtoaji. Lakini pwani yetu inajua wakfu tangu zamani. Kuna minazi ya msikiti ambayo mwenyewe alishakufa na mazao yake bado yananunua mafuta ya taa na mikeka. Muislamu anaruhusiwa kuusia hadi theluthi ya mali yake kwa asiyekuwa mrithi. Mkorosho unazaa miongo kadhaa. Mtu mwenye shamba Nanyamba akiusia mikorosho kumi kwa ajili ya wagonjwa wa kata yake, ametoa sadaka inayoendelea, na hakuna mwanawe atakayelala njaa. Wakristo wa Masasi na Ndanda nao wana jumuiya zao ndogondogo, ambazo zinamjua kila mgonjwa kwa jina.

Kwenye kundi letu la ukoo nimependekeza kwamba kila anayechanga msiba achange na kiasi kidogo kila mwezi kwa mgonjwa aliyelala, na tuanze na nauli za kufuata dawa. Vijana wamekubali. Mjomba, ambaye kwetu neno lake ndilo la mwisho, aliuliza nani atashika fedha. Nikamjibu: yuleyule anayeshika za misiba, hatujawahi kumdai hesabu akashindwa. Amesema tuanze baada ya mnada wa kwanza, na jina la mgonjwa wa kwanza ameshalitaja yeye mwenyewe.