Gari Inaangalia Kibo, Wewe Unapima Difu?

Difu, lile boksi la gia katikati ya eksele ya nyuma, haianzi kulia kwa kishindo. Yangu ilianza kama mbu aliyejificha nyuma ya kiti. Nikitoka Moshi kwenda Himo, nikifika kilometa 60 kwa saa, mbu analia. Nikiachia mafuta ananyamaza, nikikanyaga anarudi. Mke wangu akasema ni tairi. Nikakubali haraka, maana tairi ni nafuu kuliko difu, na nikaendesha hivyo hivyo wiki mbili nzima nikijidanganya.

Kilichonipa jeuri ni kwamba gari, Hilux ya zamani ya gia za mkono, ilikuwa imetoka sevisi muda mfupi tu. Fundi wa gereji ile (sitaitaja) aliniambia, "Kaka, oili zote nimecheki, ziko poa." Zote. Nikalipa, nikashukuru, nikaondoka.

Jumamosi moja nimepanda Marangu kumwona mama, mbu kageuka king'ora. Nikaegesha kihambani, kwenye shamba letu la nyumbani, nikalaza gunia chini, nikaingia uvunguni. Nati ya kujazia oili ya difu ilikuwa imezibwa na tope la masika, limekauka gumu, limejaa mpaka kwenye kona zote sita. Hakuna spana iliyopita pale, si mwezi ule, pengine si mwaka ule. Nikalikwangua kwa bisibisi, nikaifungua, na oili ikachuruzika kidogo mpaka mkononi. Aa! Imejaa. Nikaanza kumwomba fundi msamaha moyoni.

Baba mdogo alikuwa amesimama pembeni na kikombe cha chai. Ameendesha malori miaka mingi kabla hajarudi kwenye migomba yake. Akainama, akacheka.

"We mtoto, gari inaangalia Kibo, wewe unapima difu?"

Ikabidi anieleze, na nikaona aibu kwa nini sikuwaza mwenyewe. Gari likiinua pua mlimani, kuelekea kilele cha Kibo, oili iliyomo ndani ya difu inarudi nyuma. Nati ya kujazia kwenye Hilux yangu iko upande wa nyuma. Kwa hiyo hata kama oili ni nusu, pale kwenye tundu itaonekana imefika mdomoni. Kihambani kwetu sehemu tambarare pekee ni juu ya meza, na hata hiyo imewekewa kibao mguu mmoja.

Kesho yake, nyumbani Pasua ambako ardhi imelala, nikafungua tena. Utaratibu wenyewe ni huu tu: ingiza kidole kidogo tunduni, kikunje kwenda chini. Oili inatakiwa iwe usawa wa ukingo wa chini wa tundu. Kidole changu kilizama chote, kikatoka kikavu.

Nilitumia bomba la sindano la kutibia ng'ombe, lile kubwa la mililita 60, na kipande cha mpira mwembamba. Ilikuwa Julai, na wa hapa mnaijua baridi yetu ya Julai: oili ya difu inakuwa kama asali. Nikaianika chupa juani kwanza. Nikahesabu mabomba 16 ndipo oili ikaanza kurudi yenyewe tunduni. Karibu lita nzima haikuwepo, na gari lilikuwa "poa".

Sasa hapa ndipo ninapotofautiana na wengi. Tunasema "kuongeza oili ya difu" kana kwamba ni kuongeza maji ya waipa. Injini huchoma oili kidogo kidogo, hilo tunalijua na tumelizoea. Difu haichomi chochote. Giaboksi ya mkono nayo haichomi. Oili iliyowekwa mle inatakiwa uikute mle. Ikipungua, kuna mambo mawili tu: inavuja, au haikujazwa tangu mwanzo. Anayeongeza bila kuuliza imeenda wapi hajatengeneza kitu, ameahirisha tu.

Yangu ilikuwa inavuja kwenye sili ya pinioni, ule mpira wa kuzuia oili pale propela shafti, ile shafti ndefu inayotoka giaboksi, inapoingia difu. Ukijua pa kutazama haifichiki: shafti ikizunguka inairusha oili, na unaona mstari mweusi wenye vumbi umejichora chini ya bodi kama mkanda. Sili nyingine za kutazama ni za mwisho wa eksele, ndani ya magurudumu ya nyuma. Hizo zikivuja, oili inaingia kwenye breki. Ukiteremka toka Marangu kwenda Himo na breki zilizolowa oili, utasali sala ambazo hujawahi kufundishwa.

Na kuna kipumulio, kidude kidogo juu ya eksele ambacho hakuna anayekikumbuka. Difu iliyochemka ikizama ghafla kwenye maji baridi ya mto, hewa iliyomo ndani inasinyaa na kuvuta hewa nyingine. Kipumulio kikiwa kimezibwa na tope, inavuta kupitia kwenye sili, na inavuta maji. Ndiyo maana baada ya masika oili ya difu hutoka na rangi ya chai ya maziwa. Ukiiona hivyo usiongeze, mwaga yote.

Jirani yangu alipoona mafanikio yangu naye akaamua kubadilisha ya kwake. Akafungua nati ya chini kwanza, oili ikamwagika yote, safi kabisa. Kisha nati ya kujazia ikagoma. Gari lililala uani siku mbili bila tone. Anza na nati ya juu, siku zote. Isipofunguka, bado una gari linalotembea.

Kuhusu oili yenyewe, sitaki ugomvi na wauza spea, lakini "hii inaingia popote" ni maneno ya kuuzia. Meno ya difu hayabingirikiani tu, yanasuguana kwa kuteleza chini ya uzito mkubwa, ndiyo maana inahitaji oili iliyoandikwa GL-5, yaani daraja la oili ya gia. Kwenye giaboksi ya mkono mambo hayako hivyo: baadhi zinataka GL-4, kwa sababu dawa kali za GL-5 zinaweza kula zile ringi za shaba zinazosaidia gia kuingia. Soma kitabu cha gari. Najua, cha kwako kimeandikwa Kijapani kama changu. Piga picha ukurasa kwa simu, itakutafsiria. Namba za oili zenyewe hazihitaji hata tafsiri.

Otomatiki ni habari nyingine, na hapo napunguza ujuaji. Kama ni Toyota yenye kijiti cha kupimia, unaweza mwenyewe: sehemu tambarare, giaboksi imepata moto, injini inaunguruma, umekanyaga breki, pitisha lever gia zote kisha urudi P. Chomoa, futa, rudisha, chomoa tena, usome kwenye alama za HOT. Honda nyingi hupimwa injini ikiwa imezimwa, kwa hiyo usikopi kwa jirani. Lakini matoleo mengi ya karibuni hayana kijiti kabisa. Yanapimwa kwa nati ya chini na kwa jotoridi maalumu la oili, na ukikosea ukajaza kupita kiasi oili inatoa povu na gia zinaanza kuteleza. Hayo mpelekee fundi mwenye mashine ya kupimia. Na asikwambie mtu haidroliki (oili ya otomatiki) ni haidroliki: ya CVT, otomatiki ya mkanda isiyo na gia za hatua, ni ya CVT.

Sili nilibadilishiwa na fundi mwingine, kijana mtulivu wa Majengo. King'ora kimerudi kuwa mbu, na baba mdogo anasema huyo mbu sitamfukuza tena, meno yameshalika. Namsikia kila nikipita Himo.

Sevisi iliyofuata nilimpelekea kijana huyo huyo, ila roho haikutulia. Usiku ule kabla ya kulipeleka niliiba rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, nikachora mstari mwembamba toka kwenye nati ya difu mpaka kwenye bodi yake. Nati ikiguswa, mstari unakatika. Jioni nikafuata gari. Kabla sijalaza hata gunia, kijana akaja anafuta mikono kwa tambara, ameshika kipande cha karatasi chenye alama ndogo nyekundu.

"Bosi, difu iko levo. Ila samahani, kulikuwa na rangi pale kwenye nati, nimeiharibu. Ilikuwa ya nini?"