Dizeli haikuangushwa na kashfa peke yake
Mwandishi wa makala ninayoijibu anasema kashfa ya mwaka 2015 ya Volkswagen, kampuni ya magari iliyodanganya vipimo vya moshi wa dizeli, ndiyo iliyowahamisha wanunuzi wa Ulaya, ambako wakati huo karibu nusu ya magari mapya yalikuwa ya dizeli, kwenda kwenye petroli, haibridi (injini na mota ya umeme pamoja) na umeme. Naomba kuongeza jambo moja zito, nalo ni chujio la masizi, kifaa cha kwenye bomba la moshi kinachonasa masizi ili yaunguzwe humo na joto la moshi. Gari langu la dizeli hapa Stuttgart, Ujerumani, lilikuwa la safari fupi za shuleni na sokoni, hivyo moshi haukupata joto la kutosha kuyaunguza masizi. Fundi alipolitoa chujio, alinionyesha vitundu vilivyozibwa na unga mweusi kama wa chini ya sufuria la kuni. Kwa safari ndefu dizeli bado ni injini nzuri, tena hainywi mafuta mengi, lakini kumuuzia mkazi wa mjini lilikuwa kosa hata kabla jiji hili halijayazuia magari ya dizeli ya zamani mwaka 2019.