Anayetaka kazi ya Zimamoto aanze na hesabu ya maji

Moto ukizuka Dar es Salaam, uwe Kariakoo au Manzese, lawama ni ileile: "Zimamoto wamekuja bila maji." Kijana anayetaka kuingia Jeshi la Zimamoto na Uokoaji aanze kwa kuielewa lawama hiyo, maana kazi yenyewe imo humo.

Chukua gari lenye tangi la lita 5,000. Mpira mmoja unaotoa lita 500 kwa dakika unalikausha kwa dakika 10. Fungua mipira miwili, dakika 5 tu. Mara nyingi gari lilikuja na maji, yakaisha watu wakiangalia, huku gari la pili likiwa kwenye foleni na sehemu ya kujazia maji iliyo jirani imejengewa kibanda. Ndiyo maana askari mzuri anashuka garini akishajua maji yake ni ya dakika ngapi na atajazia wapi. Asiyejua hilo anamwagia moshi, na moto wenyewe hajaufikia.

Hewa nayo ina hesabu yake, na hapa kosa linaua. Mtungi wa mgongoni wa lita 6, ukijazwa hadi bar 300 (bar ni kipimo cha mgandamizo wa hewa), unabeba hewa ya takriban lita 1,800. Kwa matumizi ya lita 40 kwa dakika, hizo ni dakika 45. Lakini anayepanda ngazi akivuta mpira uliojaa maji anaweza kutumia lita 60 au zaidi, kwa hiyo zinabaki 30, na ndani ya hizo kuna za kurudi nje. Filimbi ya mtungi ikilia kwenye bar 55 hivi, imebaki hewa ya dakika 5 au 6 kwa mtu anayehema kwa nguvu. Anayeisubiri filimbi ndipo ageuke amechelewa, hasa kwenye stoo iliyojaa nguo na plastiki, ambako pumzi chache za moshi zinatosha kumwangusha.

Mlango nao unahitaji adabu. Upapase kwa mgongo wa mkono, tazama chini yake. Moshi ukiwa unatoka na kurudi ndani kama mtu anayehema, chumba kina joto na kimekosa hewa. Ukifungua ghafla, hewa inaingia na moto unakulipukia usoni. Na usimwage maji hovyo ndani: lita moja ikichemka yote inakuwa mvuke wa kama lita 1,700, na mvuke huo unapenya hadi ndani ya nguo zako za kazi.

Kuhusu maombi, sina mengi. Vikosi vilivyokuwa chini ya halmashauri sasa ni jeshi moja, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, kwa sheria ya mwaka 2007. Usiombe ukidhani utabaki Dar. Masharti ya umri, urefu na elimu yasome kwenye tangazo la mwaka husika. Hakikisha majina kwenye cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na kitambulisho cha NIDA yanalingana herufi kwa herufi. Anayekuomba "hela ya kuunganishiwa" ni tapeli, hata akikutumia fomu yenye nembo. Mwenye leseni ya magari makubwa, uuguzi au ufundi aambatanishe vyeti vyake. Gari la zimamoto lisilo na dereva hodari halina faida.

Wengi hujiandaa kwa kukimbia tu barabarani asubuhi. Kimbia, lakini pia jifunze kuogelea, kwani uokoaji ni pamoja na mafuriko ya bonde la Jangwani, Dar. Halafu tafuta jengo la ghorofa nne, jaza dumu la lita 20, upande nalo hadi juu. Kilo hizo 20 ni karibu uzito wa mtungi, kofia, buti na koti la kazi. Ukifika juu, hesabu umehema mara ngapi kwa dakika moja. Rudia kila wiki, uandike namba hiyo daftarini.