Dhamira katika Hadithi za Mfululizo: Itangulie au Ijitokeze Njiani?

Mwandishi wa riwaya inayotoka ikiwa kitabu kizima ana nafasi ambayo mwandishi wa hadithi za mfululizo hana: akifika ukurasa wa mwisho na kugundua kwamba muda wote alikuwa akiandika juu ya wivu, wala si juu ya mapenzi kama alivyodhani, hurudi mwanzo akarekebisha. Mwenye mfululizo hana pa kurudi. Sehemu ya kwanza imeshasomwa na kujadiliwa, na wapo wasomaji wanaoikumbuka vizuri kuliko yeye mwenyewe. Kwa hiyo anakabiliwa mapema na swali ambalo wenzake wanaweza kuliahirisha: je, aijue dhamira yake, yaani jambo kuu ambalo hadithi inalichunguza, kabla ya kuandika neno la kwanza, au aiache ijitokeze kadiri visa vinavyosonga?

Wanaotaka dhamira itangulie wana hoja nzito. Neno "itaendelea" linadai kitu cha kumrudisha msomaji, na njia nyepesi ya kumrudisha ni kuongeza: mhusika mpya, siri mpya, ajali, pacha aliyepotea utotoni. Baada ya sehemu ishirini visa vinakuwa tele, lakini hakuna kinachokihusu kingine, na mwandishi anabaki kuzima moto aliouwasha mwenyewe. Dhamira inayojulikana mapema humsaidia kuchuja, kwa kuwa kila wazo linalomjia analiuliza lina uhusiano gani na jambo analolichunguza, na lisilo na jibu analiacha.

Charles Dickens, mwandishi Mwingereza ambaye riwaya zake zilitoka kwa mfululizo, alizipita njia zote mbili. Mwaka 1836 alianza kuandika Pickwick Papers bila dhamira ya kuisimamisha kazi nzima, kwani aliajiriwa kuandika maneno ya kufuatana na michoro ya msanii, na hadithi ikajitafutia njia yenyewe. Miaka kumi baadaye, alipoanza Dombey and Son, alikuwa ameamua kwamba kazi hiyo itahusu kiburi, na kwa kila toleo la mwezi lenye kurasa 32 aliandaa karatasi ya mpango: upande mmoja maswali aliyojiuliza juu ya nani aingie na nani asubiri, upande wa pili yatakayokuwemo katika sura. Tusisahau, hata hivyo, kwamba ile ya kwanza, isiyo na mpango, ndiyo iliyompa umaarufu.

Wanaotaka dhamira ijitokeze njiani nao wana hofu yao, na mimi naishiriki. Dhamira iliyowekwa mapema huwa na tabia ya kugeuka mahubiri, hasa pale wasomaji wanapoishangilia. Mwandishi Mfaransa Eugène Sue alipokuwa akichapisha Les Mystères de Paris katika gazeti la Journal des Débats, mwaka 1842 na 1843, alipokea mamia ya barua za wasomaji, na kadiri mwitikio huo ulivyokua ndivyo hadithi ilivyozidi kusimama ili mwandishi apendekeze marekebisho ya sheria na magereza. Mapendekezo hayo yalikuwa na maana katika jamii yake. Ila wahusika, kila yalipoanza, walilazimika kungoja.

Nadhani sehemu ya tatizo inatokana na namna tulivyolijua neno lenyewe. Wengi wetu tulikutana na dhamira katika maswali ya mtihani wa fasihi, tukaziorodhesha kama bidhaa dukani: usaliti, tamaa, malezi. Anayeandika akiwa na orodha hiyo kichwani huanza kuandika majibu ya mtihani.

Chukua mfano wa kubuni. Mfululizo unahusu uaminifu kati ya ndugu wawili wanaoishi katika nyumba ya marehemu baba yao. Katika sehemu ya tatu kaka mkubwa anaipata barua inayomrithisha mdogo wake nyumba yote. Mwandishi aliyeelemewa na dhamira atamweka dirishani, atafakari kwa aya mbili jinsi uaminifu ulivyo mgumu. Mwandishi mwingine atamfanya aikunje barua mara nne na kuitia ndani ya kiatu, kisha mdogo wake aingie, nao wazungumzie paa linalovuja. Neno uaminifu halijatajwa. Lakini katika sehemu ya nne kaka anachechemea kidogo, katika ya saba anakataa kuvua viatu mlangoni, na msomaji aliyengoja wiki nzima anakumbuka bila kukumbushwa. Hapo dhamira inafanya kazi ambayo muhtasari wa "ilipoishia" hauwezi kuifanya.

Msimamo wangu, basi, ni kwamba dhamira itangulie, lakini itangulie ikiwa swali. "Uaminifu ni muhimu" ni jibu, na hadithi yenye jibu tangu mwanzo haina sababu ya kufika sehemu ya kumi. "Je, mtu anaweza kumpenda ndugu yake na papo hapo kumwibia?" ni swali linaloweza kubeba sehemu arobaini, kwa sababu kila mhusika analijibu kwa namna yake: kaka kwa kunyamaza, mkewe kwa kumshinikiza, jirani aliyewahi kudhulumiwa kwa kushuku kila mtu. Linaacha pia nafasi ya mwandishi kubadili mawazo katikati ya safari, jambo ambalo wafuasi wa dhamira ya kujitokeza wanalithamini kwa haki.

Kuna gharama moja. Swali likishajibiwa, mfululizo umekwisha, hata kama wasomaji wanaomba uendelee. Katika mfano wetu, siku ile mdogo mtu atakapomwuliza kaka yake, "Mbona unachechemea?", naye akavua kiatu, mwandishi atakuwa amebakiwa na sehemu mbili, pengine tatu.